Kukadiria mzigo wa mlipuko kwenye nguzo ya jengo: mwongozo kamili kwa wahandisi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Lori la baruti likilipuka mita 18 kutoka kwenye jengo ulilosanifu, nguzo ya mbele itapokea mzigo kiasi gani? Wengi wetu tutaanza kuuliza baruti ilikuwa kilo ngapi. Swali hilo ni la lazima, ila si ndilo linaloamua sana. Umbali unaamua zaidi, na baada ya umbali huja kitu ambacho mara nyingi hakimo kabisa kwenye hesabu: nguzo imepakana na nini. Katika mfano wa hapa chini, nguzo ileile, kwa mlipuko uleule, inapokea msukumo (presha pamoja na muda inaodumu) mara 24 zaidi ikiwa imeshikana na ukuta imara pande zote mbili kuliko ikiwa imesimama wazi.

Huku kwetu si jambo la kufikirika tu. Migodi ya Geita na machimbo ya mawe yanayozunguka Mwanza hutumia baruti, na baruti hiyo hupita barabarani. Mijini kuna gesi: mitungi ya kilo 6, 15 na 38 inapangwa chini ya maghorofa ambayo watu wanalala juu yake. Dar es Salaam ilishuhudia maghala ya silaha yakilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Nairobi ilishuhudia gesi ikilipuka Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Hata hivyo usanifu wa kawaida wa ghorofa tatu au nne hushughulika na uzito wa jengo, watu na upepo, basi.

Nitatumia jengo la kubuni ili namba zishikike. Ni ghorofa tatu pale Usagara, barabara zinapogawana, moja kwenda Shinyanga na nyingine Kigongo–Busisi hadi Sengerema na Geita. Chini ni maduka yenye baraza, juu ni ofisi na vyumba. Nguzo za mbele ni 400 × 400 mm, urefu wazi mita 3.5, zimeachana mita 4. Zege ni gredi 25, nondo 8 za milimita 20, ringi za milimita 8 kila milimita 200. Mzigo wa juu kwenye nguzo moja tuseme ni kN 600. Lori limeegeshwa ng'ambo, mita 18 kutoka kwenye uso wa nguzo, likiwa na mifuko 9 ya kilo 25 ya ANFO, baruti ya migodini ya ammonium nitrate na mafuta.

Hatua ya 1: Geuza kila kitu kiwe TNT

Chati zote za mlipuko zimejengwa juu ya TNT, kilipuzi kinachotumika kama kipimo, kwa hiyo baruti nyingine inabidi ibadilishwe. Kwa ANFO kizidishi cha kawaida ni takriban 0.8. Mifuko 9 ni kilo 225, ukizidisha kwa 0.8 unapata kilo 180. Kisha ongeza asilimia 20 ya tahadhari, ambayo mwongozo wa Marekani wa UFC 3-340-02 unaitaka: 180 × 1.2 = kilo 216 za TNT. Hiyo ndiyo W yetu.

Uzito usiukisie kwa macho. Shehena ya baruti ina nyaraka, na nyaraka zina kilo. Kama unasanifu karibu na njia inayopitisha baruti mara kwa mara, chukua shehena kubwa inayoruhusiwa kupita, usichukue ya wastani.

Gesi ni habari nyingine. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya takriban MJ 46, TNT ina takriban MJ 4.6, yaani mara kumi. Lakini gesi iliyovuja hailipuki yote kama TNT; sehemu kubwa inawaka tu. Makadirio mengi huchukua asilimia chache, kwa mfano 5. Mtungi wa kilo 38: 38 × 10 × 0.05 = kilo 19 za TNT. Kadirio hili litumie ukiwa mbali tu, nje ya jengo. Ndani ya chumba lisahau kabisa, na sababu yake nitaieleza baadaye.

Hatua ya 2: Umbali linganifu

Hopkinson mwaka 1915 na Cranz mwaka 1926, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba milipuko miwili ya ukubwa tofauti inatoa presha ileile kama umbali ukigawanywa kwa mzizi wa tatu wa uzito unalingana:

Z = R ÷ W^(1/3)

R ni umbali kwa mita, W ni kilo za TNT. Kwetu mzizi wa tatu wa 216 ni 6, hivyo Z = 18 ÷ 6 = 3.0 m/kg^(1/3).

Kaa kidogo na fomula hii, maana ina ujumbe mzito kwa mchoraji wa ramani ya kiwanja. Uzito ukiwa mara mbili, mzizi wake wa tatu unapanda kwa asilimia 26 tu. Umbali ukiwa mara mbili, Z inakuwa mara mbili, na presha inaporomoka. Mita moja ya kiwanja inakusaidia kuliko kubishana na mteja kuhusu kilo 20 za baruti.

R ipimwe kutoka katikati ya shehena hadi uso wa nguzo. Si hadi katikati ya jengo, wala hadi ukingo wa barabara. Na kama Z imeshuka chini ya takriban 1.2, uko karibu mno: presha haifanani tena kwenye urefu wa nguzo, na zege linaweza kuvunjwa papo hapo kabla nguzo haijaanza kupinda. Hapo hesabu ya mwongozo huu haitoshi. Tafuta mtaalamu mwenye programu ya kuiga mlipuko, au sogeza hatari mbali.

Hatua ya 3: Presha na msukumo

Kipimo kinachotumika duniani kote ni kile cha Kingery na Bulmash cha mwaka 1984. Lori liko chini, kwa hiyo tumia chati za mlipuko wa ardhini wenye umbo la nusu tufe, ambazo tayari zimeingiza wimbi linalorudishwa na ardhi. Usizidishe W kwa 1.8 tena, ukifanya hivyo umehesabu ardhi mara mbili.

Unaweza kuziweka kwenye Excel bila chati. Chukua x = ln Z. Presha ya wimbi lenyewe, Ps, kwa kPa:

Z kati ya 0.2 na 2.9: ln Ps = 7.2106 − 2.1069x − 0.3229x² + 0.1117x³ + 0.0685x⁴

Z kati ya 2.9 na 23.8: ln Ps = 7.5938 − 3.0523x + 0.40977x² + 0.0261x³ − 0.01267x⁴

Kwa Z = 3, x = 1.0986, na Ps inatoka 116 kPa.

Hiyo ni presha ya wimbi linalopita ubavuni. Likigonga uso uliolielekea, hewa inabanwa na presha inapanda. Presha ya kuakisi, Po ikiwa presha ya kawaida ya hewa (101.3 kPa usawa wa bahari):

Pr = 2Ps × (7Po + 4Ps) ÷ (7Po + Ps)

Pr = 232 × (709 + 464) ÷ (709 + 116) = 330 kPa, karibu mara tatu ya wimbi lenyewe.

Presha peke yake haikuelezi uharibifu, kwa sababu inadumu milisekunde chache. Unahitaji msukumo, yaani eneo lililo chini ya mchoro wa presha na muda. Msukumo kwenye uso unaoakisi tuuite ir. Fomula inatoa ir ÷ W^(1/3), kisha unazidisha kwa mzizi wa tatu wa W:

ln (ir ÷ W^(1/3)) = 6.7853 − 1.3466x + 0.101x² − 0.01123x³

Kwetu: 224 × 6 = takriban 1,346 kPa·ms. Chora pembetatu yenye kilele cha 330 na eneo la 1,346, muda wake ni 2 × 1,346 ÷ 330 = 8.2 ms. Msukumo wa wimbi lenyewe, kutoka kwenye chati zilezile, ni takriban 556 kPa·ms, na pembetatu yake inadumu 9.6 ms.

Namba nyingine mbili zitahitajika. Kasi ya wimbi linapofika: U = 340 × √(1 + 6Ps ÷ 7Po) = takriban 478 m/s. Na presha ya upepo unaofuata nyuma ya wimbi: q = 2.5Ps² ÷ (Ps + 7Po) = takriban 41 kPa.

Uone umbali unavyofanya kazi, kwa W ileile ya kilo 216:

Mita 9 (Z = 1.5): Ps 550 kPa, Pr takriban 2,500 kPa, msukumo takriban 3,120 kPa·ms.
Mita 18 (Z = 3): Ps 116 kPa, Pr 330 kPa, msukumo 1,346 kPa·ms.
Mita 36 (Z = 6): Ps 32 kPa, Pr 72 kPa, msukumo takriban 616 kPa·ms.

Vipi kuhusu mwinuko wa Mwanza? Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni kama 88 kPa badala ya 101. Nimepitisha hesabu yetu kwenye marekebisho ya mwinuko: Ps inashuka kutoka 116 hadi kama 111 kPa, tofauti ya asilimia 4. Acha namba za usawa wa bahari zilivyo, ziko upande wa usalama, na asilimia 4 ni ndogo kuliko mashaka ya kizidishi cha ANFO chenyewe.

Majabali yana athari kubwa kuliko mwinuko. Lori likiwa limeegeshwa na ukuta wa mwamba nyuma yake, kama ilivyo sehemu nyingi za mji huu, mwamba unarudisha wimbi kuelekea kwako. Jabali lililoko kati yako na lori nalo si ngao kamili, kwani wimbi linalizunguka na kukutana tena nyuma yake. Mtaa mwembamba wenye majengo pande mbili, mfano Rwagasore, una tatizo lilelile la mawimbi kurudi mara kadhaa. Fomula hizi hazioni lolote kati ya hayo. Zimekadiria uwanja ulio wazi.

Hatua ya 4: Kilichopo kando ya nguzo

Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibika. Mtu anachukua 330 kPa, anazidisha kwa upana wa nguzo, anaendelea. Au anazidisha kwa upana wote kati ya nguzo na nguzo, anapata namba ya kutisha, anamwambia mteja jengo haliwezekani. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi, kulingana na jengo.

Nguzo iliyo wazi, kama zile za baraza la mbele la maduka yetu, haishikiliwi na presha ya kuakisi kwa muda mrefu. Wimbi linaizunguka kama maji ya ziwa yanavyozunguka nguzo ya gati, na presha ya usoni inakimbilia kingoni na kupungua. Muda wa kupungua huko unakadiriwa kwa 3S ÷ U, ambapo S ni nusu ya upana wa nguzo, au kimo chake kama ndicho kidogo. Kwetu S = 0.2 m: 3 × 0.2 ÷ 478 = 1.26 ms. Fomula mpya zaidi hutoa muda mrefu kidogo, lakini picha haibadiliki.

Baada ya hapo wimbi liko mbele na nyuma ya nguzo, na kinachobaki kuisukuma ni upepo. Kwa nguzo ya mraba kizidishi cha upepo ni takriban 2.0, kwa ya duara ni kidogo zaidi ya 1. Hivyo mzigo unaobaki ni 2 × 41 = 82 kPa, ukipungua hadi sifuri ndani ya 9.6 ms. Jumla ya msukumo:

Kilele cha mwanzo: 0.5 × (330 − 82) × 1.26 = 156
Upepo: 0.5 × 82 × 9.6 = 394
Jumla: 550 kPa·ms

Kiuhalisia upepo hupungua haraka kuliko pembetatu hii, kwa hiyo 550 ni ya tahadhari. Nguzo ina eneo la 0.4 × 3.5 = m² 1.4. Inapokea kilele cha kN 462 na msukumo wa N·s 770. Pembetatu yake sawa ina muda wa 2 × 550 ÷ 330 = 3.3 ms.

Sasa ziba nafasi zote kwa ukuta imara wa zege uliofungwa na nguzo. Wimbi halina pa kukimbilia haraka. Kingo ziko juu ya paa, mita kumi hivi, na 3 × 10 ÷ 478 ni 63 ms, wakati presha imeshakwisha ndani ya 8.2 ms. Kila nguzo inabeba upana wa mita 4, eneo la m² 14. Kilele ni kN 4,620, msukumo ni takriban N·s 18,800. Gawa kwa 770. Ndiyo hiyo mara 24.

Majengo mengi yetu yako katikati. Ukuta wa tofali za block usio na nondo hauna uwezo wa kubeba 330 kPa, hata sehemu ndogo yake. Utapasuka ndani ya milisekunde chache, na nguzo itapokea kutoka kwake kile tu ambacho ukuta uliweza kubeba kabla ya kuvunjika, pamoja na kinachogonga uso wa nguzo wenyewe. Kioo cha alumini kinaachia mapema zaidi, nguzo inabaki karibu na hali ya wazi, ingawa kwa watu waliomo dukani vipande vya kioo ni balaa. Msimamo wangu: kioo na mageti mepesi, hesabu nguzo wazi; ukuta wa block wa kawaida, hesabu nguzo wazi kisha ongeza uwezo wa juu wa ukuta kama mzigo wa upana wote; ukuta wa zege au wa block wenye nondo zilizoingia ndani ya nguzo, hesabu upana wote bila huruma. Mteja anayetaka ukuta wa mbele uwe imara kwa ajili ya wezi anahitaji kuelezwa hili kabla hajamwaga zege, kwa sababu ukuta imara unaipelekea nguzo kila kitu.

Hatua ya 5: Nguzo inafanya nini na mzigo huo

Geuza nguzo kuwa tungamo moja kwenye springi moja. Kwa nguzo iliyokamatwa juu na chini:

Uzito: kilo 400 kwa mita, jumla kilo 1,400. Kizidishi cha mgeuzo ni 0.77, inabaki kilo 1,078.

Ugumu: I (kipimo cha jinsi umbo linavyopinga kupinda) ya mraba wa mm 400 ni m⁴ 0.00213. Zege likipasuka chukua nusu yake. Kwa E (ugumu wa zege lenyewe) ya GPa 30, EI ni takriban MN·m² 32. Springi K = 307EI ÷ L³ = takriban MN/m 229.

Kipindi asilia: T = 2π√(1,078 ÷ 229,000,000) = 13.6 ms.

Uwezo wa kupinda: upande mmoja una nondo 3 za mm 20, mm² 942. Mzigo wa ghafla unaongeza nguvu ya chuma, hivyo 460 × 1.2 = 552 MPa. Umbali kati ya nondo za mbele na za nyuma ni mm 314, momenti ni kN·m 163. Mzigo wa kN 600 kutoka juu unasaidia nguzo isifunguke, ukiongeza kama kN·m 90. Nachukua 250. Uwezo wote: 16 × 250 ÷ 3.5 = kN 1,143.

Nguzo wazi: muda wa mzigo kwa kipindi ni 3.3 ÷ 13.6 = 0.24. Kwa uwiano huo, kizidishi cha mtikisiko cha pembetatu ni takriban 0.7. Mzigo mfupi unaisha kabla nguzo haijapata muda wa kuitikia wote. Mzigo sawa wa kusimama ni 0.71 × 462 = kN 328, chini sana ya 1,143. Nguzo inapinda kama milimita 1.4, inarudi.

Ukuta imara: tumia nishati. Msukumo wa N·s 18,800 ukiupa tungamo la kilo 1,078 mwendo, nishati ni 18,800² ÷ (2 × 1,078), takriban kJ 164. Gawa kwa kN 1,143 unapata mita 0.14 katikati ya nguzo, pembe ya takriban nyuzi 4.7 kwenye vikomo. Makadirio haya ni ya juu kidogo, kwa kuwa mzigo si mfupi sana ukilinganisha na kipindi, na uzito wa ukuta wenyewe ungeyapunguza. Lakini mpaka wa kawaida kwa kiungo cha zege chenye ringi nzuri ni nyuzi 2, na kwa nguzo inayobeba ghorofa mimi hubaki chini ya hapo. Halafu kuna kN 600 za juu zinazokaa kwenye nguzo iliyopinda sentimita 14: momenti nyingine ya kN·m 84 ambayo haikuwepo kwenye mchoro. Nguzo hii inaondoka.

Hatua ya 6: Mkato, ambao ndio unaua nguzo iliyopita kwenye kupinda

Usifurahie milimita 1.4. Mkato ni nguvu inayotaka kuikata nguzo kwa upana wake. Kwenye vikomo vya nguzo wazi, mkato unakadiriwa kwa 0.36 × mzigo wa itikio + 0.14 × mzigo wa mlipuko: 0.36 × 328 + 0.14 × 462 = kN 183.

Uwezo: zege linatoa kama kN 82, ringi mbili-miguu za mm 8 kila mm 200 zinatoa kama kN 82. Jumla ni takriban kN 165, bila kuhesabu msaada wa mzigo wa juu. Nguzo iliyopita kwenye kupinda kwa mara tatu imeshindwa kwenye mkato. Ukibana ringi ziwe kila mm 100, zinatoa kN 165, jumla inakuwa 247, na umevuka.

Tofauti ya gharama ni chuma chembamba na nusu siku ya fundi. Sasa fikiria ringi za mm 6 za chuma laini kila mm 250, ambazo si ngeni kwenye saiti zetu: zinatoa kama kN 20. Zikiwa zimefungwa kwa ndoano ya nyuzi 90, ganda la nje la zege likibanduka ndoano inafunguka, na hata hizo 20 hazipo. Ndoano ikunjwe nyuzi 135, mkia uingie ndani ya kiini cha nguzo.

Kama ni gesi ndani ya jengo

Mlipuko wa gesi ndani ya chumba hauna wimbi kali la TNT. Presha inapanda polepole, inadumu muda mrefu, na ukubwa wake unategemea madirisha na milango inaachia mapema kiasi gani. Ronan Point, jengo la ghorofa 22 jijini London, lilibomoka kona nzima tarehe 16 Mei 1968 kwa gesi ya jiko iliyolipuka kwenye nyumba moja ya ghorofa ya 18. Watu 4 walifariki. Kutokana na tukio hilo kukaja kanuni ambayo mpaka leo imo kwenye Eurocode, viwango vya usanifu vya Ulaya: kiungo muhimu ambacho kikiondoka jengo linaanguka, kisanifiwe kwa 34 kPa kutoka upande wowote, pamoja na kile kilichoshikamana nacho. Kwenye nguzo yetu wazi ni 34 × 1.4, takriban kN 48. Ikiwa na ukuta imara wa upana wa mita 4 ni kN 476. Kwa duka la gesi chini ya ghorofa, anza na 34 kPa, na weka mitungi ya kilo 38 nje, penye hewa, kwenye kizimba cha wavu.

Hatua ya 7: Nguzo ikiondoka

Hata ukikadiria vizuri, siku moja W inaweza kuwa kubwa kuliko ulivyodhani. Jengo la Alfred P. Murrah huko Oklahoma City, Marekani, lilipopigwa kwa lori la milipuko tarehe 19 Aprili 1995, sehemu kubwa ya uharibifu haikutokana na wimbi moja kwa moja. Nguzo chache za mbele ziliondoka, na boriti kubwa ya juu yake, iliyobeba nguzo nyingine zisizofika chini, ikakosa mahali pa kukaa. Watu 168 walikufa. Mpangilio wa namna hiyo, nguzo chache chini ili maduka yapate upana, na nguzo nyingi juu, unapendwa sana hapa mjini. Ondoa nguzo moja ya mbele kwenye modeli yako, piga hesabu tena. Nondo za chini za boriti zipite mfululizo ndani ya nguzo, zisikatwe hapo, ili boriti iweze kuning'inia juu ya pengo.

Unachomwandikia mteja

Toa namba tatu: umbali mdogo unaokubalika, aina ya ukuta wa mbele, na nafasi za ringi. Kwa jengo letu mimi ningeandika lori lisikaribie chini ya mita 25, na kulizuia si lazima ununue vizuizi vya chuma. Majabali yenye uzito wa tani moja na zaidi yapo kila kona ya Mwanza, na yakipangwa mita moja na robo kwa nafasi yanazuia lori kuegeshwa karibu na kuacha watu wapite. Namba zako zipitiwe na mhandisi mwingine aliyesajiliwa mwenye uzoefu wa mizigo ya ghafla, kwa sababu makosa ya vitengo, kPa na ms, hayajitokezi kwa macho.

Kwenye mchoro andika ringi za mm 8 kila mm 100 kwa mita moja ya chini na mita moja ya juu ya kila nguzo ya mbele, ndoano za nyuzi 135. Kabla zege halijamwagwa, pita na tepu, hesabu ringi nguzo kwa nguzo, piga picha ndoano. Nguzo yenye ringi 6 ndani ya mita inayotakiwa kuwa na 10 ifunguliwe boksi na irudiwe.